Madaktari wa kujitolea tunawapata, shida ni nani atampigia mgonjwa simu Jumatano

Karibu kila mwezi kuna mtu ananiuliza, dokta (mi ni mfamasia ila watu washazoea, nimechoka kurekebisha), nataka kuja kujitolea kwenye kliniki yenu ya bure, mnahitaji watu wa aina gani? Na mi namjibu kwa swali vilevile: unaweza kuja mara ngapi? Hapo wengi wanakaa kimya kidogo.

Nimekaa dirisha la dawa kwenye kliniki ya namna hii miaka kadhaa sasa, baada ya kazi yangu ya mshahara, na pale dirishani unaona kila kitu kwa sababu mgonjwa akifika kwangu ndo amemaliza mzunguko wote, kwa hiyo kama kuna kosa la mapokezi au la kwenye vipimo au la daktari linakuja kutua kwangu likiwa limeandikwa kwenye kikaratasi, na mi ndo mtu wa mwisho wa kulishtukia kabla halijaenda nyumbani kwa mtu. Sasa ngoja nieleze nani anafanya nini mle ndani, maana picha waliyonayo wengi ni daktari, koti jeupe na foleni, basi.

Tuanze mlangoni. Pale mapokezi tuna mwalimu mstaafu, hajui tofauti ya amlodipini na aspirini na hana mpango wa kujua, lakini ukiniambia nichague kati yake na daktari bingwa wa siku moja nachagua mwalimu bila kufikiri mara mbili. Yeye kila mtu anamuuliza majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, halafu anauliza swali ambalo wengine wote wanasahau: hii simu ni yako au ya mtu mwingine, na huyo mtu anajua kama unaumwa? Unaweza kuona ni umbea. Sio umbea. Kuna mtu anatumia simu ya shemeji yake na hataki shemeji ajue kama ana kisukari, ukipiga tu ukasema "tunapiga kutoka kliniki, sukari yake imepanda" umeshatoa siri ya mgonjwa. Siku moja walikuja watu wawili majina yaleyale kabisa, mmoja ana aleji ya penisilini na mwingine hana, faili zikapishana mezani kwa daktari, na aliyegundua sio daktari wala mimi, ni mwalimu, aliona tu mwaka wa kuzaliwa hauendani na sura ya mtu aliyeingia chumbani. Akagonga mlango akasema samahani dokta, huyo sio huyo.

Anayefuata ni wa presha. Hapa watu wanadhani ni kazi ya kumpa yeyote, kwani si unafunga ule mkanda unabonyeza? Jamani hapana. Mgonjwa anatakiwa akae ametulia kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini isikunjwe, mkono umewekwa usawa wa moyo, na asiongee, na mkanda uendane na mkono wake kwa sababu ukimfungia mtu mwenye mkono mnene mkanda mdogo mashine inakupa namba kubwa kuliko ukweli. Halafu unapima tena. Sasa kwenye kliniki ya bure mtu amekimbia njiani asikose namba, amekaa kwenye foleni muda mrefu, ana mawazo, unampima amesimama huku mnapiga stori unapata 160 kwa 100, anaandikiwa dawa ya maisha. Ndo maana nesi wetu wa zamu ya presha ni mkali, wale vijana wa kujitolea wanamuogopa, na mimi nafurahi wanavyomuogopa.

Halafu kuna wanafunzi, wa udaktari, unesi, famasia. Hawa ni nguvu kubwa, wanachukua historia ya mgonjwa vizuri kuliko sisi kwa sababu bado wana hamu ya kusikiliza. Mwanafunzi anaweza kumuuliza mgonjwa nusu saa na akaja na kitu ambacho daktari aliyechoka angekipita. Ila mwanafunzi hasaini. Hamwandikii mtu dawa peke yake, hatoi majibu peke yake, lazima kuwe na mwenye leseni nyuma yake ambaye amemuona mgonjwa kwa macho yake, sio kwa kuhadithiwa koridoni. Mgonjwa asiyelipa sio mtu wa kujifunzia, ana haki zilezile za anayelipa. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu kuna mawazo yamejificha kwa baadhi ya watu kwamba kwa kuwa ni bure basi chochote tutakachompa ni afadhali kuliko kukosa.

Leseni ndo huwa inaleta ugomvi na wastaafu, mtu ametibu miaka 40 unamwambia mzee naomba nione leseni yako kama bado inaishi, anakasirika, lakini ikitokea tatizo wa kwanza kuulizwa ni kliniki. Marekani walikutana na hii mapema. Jack McConnell, daktari aliyestaafu akahamia kisiwa cha Hilton Head, aliona kisiwa kimejaa madaktari wastaafu wanaocheza gofu na hapohapo kuna wafanyakazi wasio na pa kutibiwa, akaona awaunganishe, na kimoja cha alivyohangaikia ni jimbo likubali leseni maalumu ya mstaafu anayetibu bila malipo. Na mwaka 1996 bunge lao likapitisha sheria ya kuwakinga na kesi wahudumu wa kujitolea kwenye kliniki za bure, ingawa ilichukua miaka mpaka ikaanza kufanya kazi. Mtu anaweza kujitolea muda wake, sio nyumba yake iende kwenye kesi.

Sasa daktari. Nakuja kwenye malalamiko yangu, mnisamehe. Alikuja bingwa mmoja, mtu mwema kabisa, alikuja Jumamosi moja akaona watu wengi sana, na karibu kila mwenye presha alimbadilishia dawa akampa mpya zaidi, nzuri zaidi, kitabuni yuko sawa. Zile dawa alikuja nazo mwenyewe kwenye begi. Hakurudi tena. Mwezi uliofuata wagonjwa wanakuja dirishani na kopo tupu la dawa ambayo stoo haipo na haijawahi kuwepo, ile ya zamani waliambiwa waache, kwa hiyo kuna waliokaa wiki bila dawa yoyote. Hapo ndo utajua kwanini nauliza utakuja mara ngapi kabla sijauliza umesomea nini. Magonjwa yanayojaza kliniki ya bure sio ya kupona kwa sindano moja, ni presha, kisukari, pumu, kifafa, vitu vya kurudi na kurudi. Kwa hiyo sasa hivi tuna orodha fupi ya dawa, daktari yeyote akija anaikuta ukutani na anaandika kutoka hapo, akitaka nje ya hapo anakuja kuongea na mimi. Wengine wanaona nawabana. Sawa.

Na hilo la dawa za kwenye begi lina historia ndefu. Tetemeko la Armenia mwaka 1988, dunia nzima ilituma dawa, angalau tani 5,000 za dawa na vifaa, na ilichukua watu 50 miezi 6 kujua tu nini kipo ndani. Nyingine zilishapitwa na muda, nyingine ziliharibika kwa baridi, na zilizobaki ni karibu asilimia 30 tu zilizokuwa rahisi kuzitambua. Hebu fikiria wafamasia wangapi wanaojua kazi walikaa wanachambua maboksi badala ya kuhudumia watu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996 na kwa kifupi unasema usitume kitu hakijaombwa, kiwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, kiandikwe kwa lugha ya wanaopokea, na dawa iliyokwishatolewa kwa mgonjwa ikarudishwa, haitolewi msaada. Kwa hiyo ukija na mfuko wa vidonge vya marehemu babu yako nitakushukuru, nitakupa pole ya msiba, na vidonge nitavipeleka kuteketezwa, usinichukie.

Friji nalo lina mtu wake, binti wa uhasibu, kazi yake kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika, kati ya nyuzi 2 na 8. Insulini ikiganda imekufa, na ukiiangalia unaweza usione tofauti yoyote. Mtu akiweka chakula chake mle ndani, binti anakitoa anakiacha juu ya meza na hasemi neno.

Mratibu. Huyu analipwa, na kila mwaka kuna mfadhili anayeuliza kwanini alipwe wakati wengine wanajitolea. Analipwa kwa sababu ndo mtu pekee anayetakiwa awepo hata siku ambayo hakuna mtu anayejisikia kuja. Anapanga zamu, anatafuta maabara itakayotupimia bila kutudai, anafuatilia rufaa, yani daktari akiandika "aende kwa bingwa wa macho" yale maneno hayana miguu, lazima mtu apige simu, abembeleze, apate nafasi, ahakikishe mgonjwa amefika. Anahakikisha maboksi ya sindano zilizotumika yanafungwa yakijaa robo tatu, yasisubiri kufurika. Na hahitaji kuwa daktari. Stan Brock aliyeanzisha Remote Area Medical mwaka 1985 alikuwa mchunga ng'ombe kwa farasi na baadaye mtu wa televisheni, aliumia akiwa porini huko Guyana, Amerika Kusini, akaambiwa daktari wa karibu yuko mwendo wa siku 26 kwa miguu, na lile ndo lililomkaa kichwani mpaka akaja kuanzisha shirika linalowaleta madaktari na madaktari wa meno mahali watu wamekosa. Yeye mwenyewe hakuwa daktari.

Nimwage na kosa langu ili nisionekane nasema wengine tu. Zamani kliniki yetu ilikuwa kila baada ya siku 14, na mimi nilikuwa natoa dawa za siku 14, hesabu safi, stoo inafurahi. Mara moja jengo likapata matatizo ya umeme tukaahirisha wiki moja. Tulibandika tangazo mlangoni. Tangazo mlangoni, kwa watu ambao wengine wanatembea mbali kufika huo mlango! Tulivyorudi, mzee mmoja aliyekuwa anakuja bila kukosa hakuonekana, na mwalimu wa mapokezi ndo aliyeuliza, mbona fulani hajaja? Akapiga simu. Mzee alikuwa amelazwa hospitali, presha ilipanda akiwa ameishiwa vidonge. Alipona, namshukuru Mungu, ila zile siku sikulala vizuri, kwa sababu ile hesabu safi ilikuwa yangu.

Toka hapo kila mgonjwa anaondoka na dawa za kumvusha tarehe ya kurudi kwa siku 10 zaidi, na kukawa na kazi mpya ambayo haikuwepo kwenye karatasi yoyote. Kila Jumatano mwalimu na wenzake wawili, mmoja fundi cherehani na mwingine mwanafunzi, wanakaa na rejista wanapigia wote waliotakiwa kuja na hawakuja. Hawatoi ushauri wa dawa, wanauliza mambo matatu, uko salama, dawa zimebaki ngapi, utakuja lini, na likitokea jibu lisiloeleweka wanampa nesi simu. Kwa sasa wako watatu na majina ya kupigia yanazidi muda wao. Kwa hiyo mtu akiniuliza mnahitaji watu wa aina gani, kabla sijamuuliza shahada namuuliza Jumatano jioni uko wapi.