Je, wajua kwa nini mpira usiopinda sana wa Anil Kumble uliangusha wiketi 619?

Mrushaji wa spini katika kriketi husifiwa kwa jinsi mpira wake unavyopinda ukishadunda. Shane Warne wa Australia aliweza kuudundisha nje kabisa ya miguu ya mpigaji, kisha ukakata kona na kugonga kijiti cha upande wa pili, kati ya vijiti vitatu vinavyosimama nyuma ya mpigaji. Mpira wa Anil Kumble wa India, mara nyingi, ulidunda ukaendelea na safari yake karibu vilevile ulivyokuja. Kwa miaka mingi aliandamwa na neno hilohilo: huyu hapindishi mpira. Lakini alipostaafu Novemba 2008, alikuwa ameangusha wiketi 619, yaani amewatoa wapigaji mara 619, katika mechi 132 za Testi, zile za siku 5, na wakati huo ni Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka na Warne peke yao waliokuwa mbele yake duniani. Hadi leo hakuna Mhindi aliyemfikia. Ravichandran Ashwin, aliyemkaribia kuliko wote, aliishia 537.

Jibu la kwanza liko kwenye vipimo vya vifaa vyenyewe. Sheria hairuhusu gongo kuzidi upana wa sentimita 10.8. Mpira una kipenyo cha sentimita 7 na ushee. Sasa chukua mpigaji aliyelenga sawasawa, mpira ukutane na katikati ya gongo. Mpira ukihama sentimita 5 hadi 8 kutoka pale alipoutarajia, utagusa ukingo wa gongo na kuruka kuelekea kwa wadakaji. Ukihama zaidi ya sentimita 9, unalipita gongo bila kuligusa. Watazamaji hupiga makofi, mpigaji hutikisa kichwa, na mchezo unaendelea yeye akiwa palepale. Mpindo mkubwa hupendeza macho, lakini mpindo mdogo, ukija umechelewa, ndio unaomtoa mtu uwanjani. Ukitazama namna Kumble alivyopata wiketi zake, unaona alikuwa akiishi ndani ya hizo sentimita chache.

Kuchelewa huko kulitokana na kasi. Kutoka mstari wa mrushaji hadi mstari wa mpigaji ni kama mita 17.7. Warushaji wengi wa spini ya kifundo, yaani wanaouzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, hutupa kwa kilomita 75 hadi 80 kwa saa. Kumble alikuwa karibu na 90, na mpira wake wa haraka ulizidi hapo. Kwa hesabu ya haraka, bila kuondoa mwendo unaopotea hewani na kwenye mdundo, mpira wa kilomita 75 unatumia sekunde 0.85 kufika, na wa 90 unatumia 0.71. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka utazame kipande cha mwisho cha safari. Mpira unaodunda mita 4 au 5 mbele ya mpigaji unamfikia katika takriban sekunde 0.2 kwa kasi ya Kumble, na huo ndio muda ambao jicho na mkono wa binadamu huhitaji ili kuanza tu kuitikia. Kwa mrushaji wa polepole, mpigaji mzuri husubiri mpira upinde, kisha anarudi nyuma na kuucheza. Kwa Kumble ilimbidi aamue mpira ukiwa bado hewani, na akikosea hapati nafasi ya kujirekebisha.

Jibu la pili ni mruko. Kumble, aliyezaliwa Bangalore (sasa Bengaluru) tarehe 17 Oktoba 1970, alianza utotoni kama mrushaji wa kasi ya kati, hadi kaka yake Dinesh alipomshauri ahamie kwenye spini. Alihama, lakini mbio zake ndefu za kuujia mstari na mkono ulionyooka juu kabisa hakuviacha. Ni mtu mrefu, zaidi ya futi 6, kwa hiyo mpira ulitoka juu sana na kuteremka kwa pembe kali.

Ongeza hapo aina ya mzunguko. Mrushaji wa spini ya kifundo huushika mpira kwa vidole viwili vya kwanza vilivyotanuka juu ya mshono, na kidole cha tatu kikiwa kimekunjwa kando yake. Hicho cha tatu, kikisaidiwa na kifundo, ndicho kinachouzungusha. Kifundo kikitazama upande, mpira unazunguka kwa ubavu na kupinda ukidunda. Kumble alikiweka hivi kwamba mshono ulielekea kwa mpigaji na mpira ukazunguka kwenda mbele, kama gurudumu la baiskeli inayokujia. Mzunguko wa namna hiyo huufanya mpira uvutwe chini hewani, udunde mapema kuliko mpigaji alivyodhani, kisha unyanyuke ghafla. Badala ya kukutana na uso wa gongo, unakutana na glavu au sehemu ya juu karibu na mpini. Jina lake la utani, Jumbo, lilitokana na mpira wa aina hiyo: Navjot Singh Sidhu, akicheza naye upande mmoja, aliuona umepaa na kuulinganisha na ndege ya Jumbo Jet.

Palikuwa pia na mpira wa kinyume chake. Ule aliutoa kwa kuubana kati ya dole gumba na vidole vya mbele, ukazunguka kurudi nyuma, na ukidunda ukateleza chini bila kuinuka. Mpigaji aliyekwisha kuzoea mruko wa kifuani anarudi nyuma kuusubiri, na mpira unampiga usawa wa kifundo cha mguu. Kwa sheria, mpira ukizuiwa na mguu badala ya gongo, na refa akaridhika kwamba ungegonga vijiti, mpigaji ametoka. Hapa unyoofu wa Kumble uligeuka mtaji mkubwa. Vijiti vitatu kwa pamoja vina upana wa sentimita 22.9 tu. Mpira unaopinda sana, ukidunda mbele ya vijiti, kwa kawaida utakwenda kupita kando yake, na refa atamwacha mpigaji. Wa Kumble ulidunda kwenye mstari, ukagonga mguu kwenye mstari, na ungeendelea kwenye mstari. Zaidi ya wiketi zake 150 za Testi zilipatikana kwa njia hiyo.

Mambo haya yote yalionekana pamoja mchana wa tarehe 7 Februari 1999, uwanja wa Feroz Shah Kotla, Delhi. Pakistan walihitaji mikimbio 420, yaani alama 420, kushinda, na wapigaji wao wa kwanza, Saeed Anwar na Shahid Afridi, walifika 101 bila wiketi kuanguka. Pichi, ule ukanda wa ardhi ambako mpira hudunda, ilikuwa imechoka na mpira ulikuwa ukidunda juu mara hii na chini mara ile. Afridi akagusa ukingo, mlinda wiketi akadaka. Mpira uliofuata, Ijaz Ahmed akapigwa mguuni na kutoka. Kutoka 101 bila wiketi, Pakistan wakajikuta 128 kwa wiketi 6. Wasim Akram na Saleem Malik walishikilia kwa muda, lakini jahazi lilikwishatoboka, na timu nzima ikaishia 207. Kumble alichukua wiketi zote 10 kwa mikimbio 74, katika ova 26 (ova moja ni mipira 6) na mipira 3. Kabla yake ni Jim Laker wa Uingereza peke yake aliyewahi kufanya hivyo katika Testi, mwaka 1956. Wa tatu, Ajaz Patel wa New Zealand, alikuja mwaka 2021. Mwishoni, Javagal Srinath aliyekuwa akirusha upande wa pili alitupa mipira yake mbali na vijiti kwa makusudi ili asimharibie mwenzake.

Zihesabu zile 10: tano zilidakwa karibu na gongo, tatu zilikuwa za mguu mbele ya vijiti, mbili ziligonga vijiti vyenyewe. Hakuna hata mpigaji mmoja aliyetoka mbele akahadaiwa na mpindo, mlinda wiketi akaangusha vijiti nyuma yake, na hiyo ndiyo njia ambayo watu huitarajia kwa mrushaji wa spini.

Je, mbinu hii ilikuwa na udhaifu? Ulikuwepo, tena mkubwa. Pichi za India huchakaa haraka na kuupa mpira mruko wa kubahatisha. Ugenini, pichi ikiwa ngumu na sawa, mpira wa haraka usiopinda ulikuja vizuri kwenye gongo. Wapigaji walimcheza kama mrushaji wa kasi ya kati: hatua ndefu mbele, gongo wima, bila papara. Ndiyo maana nyumbani alilipa takriban mikimbio 25 kwa kila wiketi, na nje takriban 36. Baada ya upasuaji wa bega uliomweka nje ya msimu wa mwanzo wa 2001, alifanya kazi ya kubadilika: akapunguza kasi kwenye baadhi ya mipira, na akaunoa mpira wake wa gugli, unaopinda upande usiotarajiwa. Ziara ya Australia ya 2003–04 ilionyesha tofauti. Katika mechi 3 alipata wiketi 24, zikiwemo 8 kwa mikimbio 141 pale Sydney. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko hata siku ya Kotla, kwa sababu pichi haikumsaidia.

Wanaosimulia ushujaa wake hukumbuka zaidi Antigua, Mei 2002, alipovunjwa taya na mpira wa Mervyn Dillon, akarudi uwanjani amefungwa bendeji kichwani, akarusha ova 14 na kumtoa Brian Lara kwa mguu mbele ya vijiti. Ni kweli, ni ujasiri wa ajabu. Lakini iangalie pia kama somo la ufundi: mpira 1 kati ya 40,850 aliyorusha katika Testi, na hata taya likiwa limevunjika ulidunda palepale ulipokuwa ukidunda siku zote.

Vijana wanaojaribu kumwiga hukosea mahali pamoja. Wanaongeza kasi, na ili waipate wanaushusha mkono pembeni. Mkono ukishuka, mpira unatoka chini, unateleza badala ya kunyanyuka, na mshono unaanguka kwa ubavu. Kinachobaki ni mpira wa kasi ya kati usio na kasi ya kutosha. Anayetaka njia hii aanze na mkono juu na mshono ukimtazama mpigaji, kwa mwendo wa polepole, akilenga karatasi iliyowekwa mita 4 na nusu mbele ya vijiti. Kasi aongeze kidogokidogo, na pale mshono unapoanza kuyumba arudi kwenye mwendo wa awali.