Je, Endometriosisi Inaweza Kupimwa Bila Upasuaji?

Swali: Binti yangu hapa Newala hushindwa kwenda shule kila anapokuwa hedhini, na majirani husema ni chango tu. Je, ni kweli?

Maumivu yanayomzuia binti kwenda shule mwezi hadi mwezi hayapaswi kuitwa ya kawaida. Huenda ni endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwa mfano kwenye ovari. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa.

Swali: Mbona nasikia ni lazima apasuliwe ndipo ijulikane?

Kwa miaka mingi uthibitisho ulitokana na laparoskopi, yaani kamera kuingizwa tumboni kupitia tundu dogo, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Mwaka 2022 mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya uliacha kuuchukulia upasuaji huo kuwa kipimo kikuu, na ukashauri picha za ndani ya mwili, kama ultrasaundi, zitangulie.

Swali: Ultrasaundi huonyesha nini?

Mtaalamu aliyezoea huona uvimbe wa damu nzito kwenye ovari, kisha husukuma taratibu kwa kifaa chake ili aone kama mji wa mimba unateleza juu ya utumbo au umegandana nao. Kifaa kinachopitishwa ukeni huona vizuri zaidi, lakini kwa binti ambaye hajaanza kujamiiana hupimwa juu ya tumbo, na hapo mengi hujificha. Madoa membamba juu ya utando wa tumbo kwa kawaida hayaonekani kabisa, hivyo picha safi si cheti cha uzima.

Swali: Na vipimo vya damu au mate?

Kipimo cha damu cha CA-125, aina ya protini, hupanda pia kwa sababu nyingine, hata hedhi yenyewe, na huweza kuwa cha kawaida kwa mgonjwa. Nchini Ufaransa kampuni ya Ziwig imetengeneza kipimo cha mate kinachosoma mikro-RNA 109, molekuli ndogo zinazosaidia kudhibiti kazi za jeni. Matokeo ya awali yalivutia, ila nasita kidogo: kati ya wanawake 200 waliochunguzwa mwanzoni, 153 walikuwa na ugonjwa huo, na kipimo kinachofaulu katika kundi la namna hiyo bado hakijathibitishwa kwa binti yeyote anayeumwa tumbo. Watafiti wengine wanachunguza damu ya hedhi, ambayo hubeba seli kutoka kwenye mji wa mimba wenyewe.

Swali: Basi tusubiri?

Hapana. Daktari anaweza kuanza matibabu kwa kutegemea dalili, kwa dawa za maumivu kama ibuprofeni au vidonge vya homoni, ambavyo binti huandikiwa kama tiba hata kama wengi huvijua kwa uzazi wa mpango. Mwende kituoni, au Hospitali ya Ligula mjini Mtwara mkipewa rufaa, na daftari lenye tarehe za hedhi, siku alizokosa shule, na kama huumia anapokwenda haja.