Je, wajua kwa nini herufi za Kichina hugeuka alama za kuuliza kwenye mchoro wa kompyuta?

Umetumiwa mchoro wa mtambo uliochorwa China. Unaufungua kwa AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kihandisi, na mistari yote imetulia mahali pake, vipimo vinasomeka, matundu ya bolti yanahesabika. Lakini pale palipotakiwa kuwa na maelezo ya kila sehemu pamejaa ???? tupu. La kushangaza zaidi, kompyuta hiyohiyo inafungua tovuti za Kichina kila siku bila kigugumizi.

Wengi hukimbilia kusema faili limeharibika njiani. Mara nyingi ni zima kabisa. Ukweli ni kwamba mchoro haubebi maumbo ya herufi. Unabeba namba za herufi, pamoja na jina la fonti itakayozichora. Ni kama kuambiwa “imbeni wimbo namba 112” huku kila mmoja ameshika kitabu chake: namba ni ileile, wimbo ndio tofauti. Na asiye na kitabu anabaki kuduwaa.

Kwa nini basi tovuti isome na mchoro usisome? Hapo inabidi turudi kwenye kalamu.

AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, michoro mikubwa ilitolewa kwa plota, mashine iliyoshika kalamu halisi na kuiburuza juu ya karatasi. Kalamu haiwezi kuchapa herufi nzima kwa mkupuo. Inajua kushuka, kuburuzwa na kuinuka, basi. Ndiyo maana programu hizi zilitengenezewa fonti za aina yake, zenye mafaili yanayoishia na .shx, ambamo herufi ni orodha ya maagizo ya safari: shusha kalamu, nenda huku hatua kadhaa, geuka, inua kalamu. Mielekeo iliyopo ni 16, na kila mwendo una urefu wa hatua 1 hadi 15.

Chukua herufi L. Inaweza kuandikwa kwa maagizo mawili tu: 04C, yaani shuka chini hatua nne, kisha 030, yaani nenda kulia hatua tatu. Sifuri ya mwanzo inaonyesha kuwa namba imeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16 (0 hadi 9, kisha A hadi F), tarakimu inayofuata ni urefu, ya mwisho ni mwelekeo. Baiti mbili tu za mwendo (baiti ni kipande kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta), na L imechorwa. Binafsi naona ni ufundi wa kupendeza, hasa ukikumbuka jinsi kompyuta za wakati ule zilivyokuwa na nafasi finyu.

Ila ufundi huo ulikuwa na ukuta. Fonti ya kawaida ya aina hiyo ilitoa baiti moja kwa kila herufi, na baiti moja haivuki namba 255. Kwa lugha zinazotumia alfabeti ya Kilatini, hizo zinatosha na kubaki. Kwa Kichina ni kichekesho: orodha rasmi ya China iitwayo GB2312, ya mwaka 1980, peke yake ina herufi za Kichina 6,763.

Jibu lililopatikana ni fonti kubwa, ambayo wachoraji wengi huiita kwa jina lake la menyu, Big Font. Hii huhesabu kwa baiti mbili. Mwanzoni mwa faili lake hutangaza kwamba baiti za masafa fulani zisisomwe peke yake, zisubiri mwenzake anayefuata, kisha jozi hiyo ndiyo itoe herufi. Kwa hiyo mtindo mmoja wa maandishi huwa na fonti mbili zinazosaidiana: ya kawaida kwa tarakimu na herufi za Kilatini, na kubwa kwa Kichina, Kijapani au Kikorea. AutoCAD huja na kadhaa, kama gbcbig.shx ya Kichina kilichorahisishwa na chineset.shx ya Kichina cha jadi. Ofisi nyingi zina za kwao pia, ambazo mtu wa nje hajawahi kuziona.

Sasa zile ???? zinaanza kueleweka. Mchoro unapofunguliwa na fonti iliyotajwa haipo, programu haigomi. Inachukua mbadala uliowekwa kwenye mpangilio uitwao FONTALT, na kwa kawaida mbadala huo ni simplex.shx, fonti ya Kilatini. Ikiulizwa herufi ya Kichina, haina. Inaweka alama ya kuuliza na kusonga mbele. Tovuti haikwami hapo kwa sababu kivinjari hutumia fonti za mfumo wa kompyuta, na kikikosa herufi kwenye fonti moja hupapasa nyingine mpaka kiipate.

Lakini alama ya kuuliza si ugonjwa pekee, na mimi huona hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, maana kila dalili hueleza penye jeraha.

Ukiona vijisanduku vitupu, namba imefika salama na fonti imepatikana, ila fonti hiyo haina umbo la namba hiyo. Kijisanduku ni umbo la akiba ambalo fonti za TrueType, zile za kawaida za kompyuta, huwekewa kwa dharura kama hiyo. Badilisha fonti ya mtindo huo wa maandishi, na maneno hujitokeza.

Ukiona herufi halali kabisa lakini zisizo na maana, kama ÖÐ, hapo fonti haina kosa. Kilichopotea ni jedwali la kufasiria namba. Herufi ya Kichina 中, yenye maana ya katikati, kwenye GB2312 ni jozi ya baiti D6 na D0. Kompyuta inayotumia jedwali la Ulaya Magharibi huzisoma moja moja na kupata Ö na Ð. Yenye jedwali la Kirusi la Windows itasoma ЦР. Na usidhani wanaoandika herufi hiyo wanakubaliana wenyewe kwa wenyewe: kwenye Big5, jedwali la Kichina cha jadi, 中 ni A4 na A4, na kwenye Shift-JIS ya Kijapani ni 92 na 86. Ndiyo maana kuchagua fonti kubwa yoyote ilimradi ni ya Kichina kunaweza kukupa maneno mengine kabisa badala ya yaliyoandikwa. Hilo ni baya kuliko ????, kwa kuwa asiyejua lugha hatagundua.

Yunikodi, iliyotoka toleo la kwanza mwaka 1991, ilikuja kumaliza ugomvi huu kwa kuipa kila herufi namba moja duniani kote. 中 ni 4E2D popote uendapo. Michoro ya DWG, yaani mafaili ya AutoCAD, ilichelewa kidogo: ni muundo wa AutoCAD 2007 uliohamia Yunikodi. Faili la kabla ya hapo hutegemea jedwali la kompyuta iliyolihifadhi. Ukihifadhi mchoro wa leo kwa muundo wa zamani, herufi isiyo na nafasi kwenye jedwali hilo huandikwa kama \U+4E2D, na wakati mwingine programu nyingine hukuonyesha msimbo huo mbichi katikati ya sentensi. Usiufute. Ndiyo herufi yenyewe.

Kiarabu kina shida yake ya peke yake. Herufi zake ni chache, zingeenea hata kwenye fonti ndogo. Tatizo ni kwamba herufi moja hubadili umbo ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, au ikisimama peke yake, na maandishi huanzia kulia. Mfumo wa namba moja kwa safari moja ya kalamu hauna habari ya majirani. Matokeo yake, programu isiyojua kuunganisha hutoa herufi zilizotengana, tena zimepangwa kinyumenyume. Fonti za OpenType, ndugu wadogo wa TrueType, hubeba majedwali ya kubadilisha maumbo kulingana na jirani, lakini programu nayo lazima iwe na uwezo wa kuyasoma.

Kama TrueType ina nafuu hivyo, kwa nini SHX hazijafa? Kwa sababu ni nyepesi, na herufi zake ni mstari mmoja mwembamba, si umbo lenye kingo mbili la kujazwa wino. Mashine ya kuchonga maandishi kwenye chuma hupenda mstari mmoja. Ikipewa TrueType hufuata kingo na kutoa herufi zenye uwazi katikati.

Kwa aliyekwama leo, njia fupi ni kumwomba aliyetuma akupe na mafaili ya fonti. AutoCAD ina amri ya ETRANSMIT inayofungasha mchoro na viambatisho vyake, ila chaguo la kuweka fonti lazima alitie tiki, na wengi hulisahau. Ziweke kwenye folda ya fonti ya programu, funga, fungua tena. Kama hutaki kuhariri chochote, omba PDF. Humo herufi za SHX hugeuzwa kuwa mistari ya kawaida, na mistari haihitaji fonti. Utasoma kila neno kama mwandishi alivyolichora, lakini usishangae ukitafuta neno hilohilo ndani ya PDF ukaambiwa halipo: pale kurasani, hayo si maneno tena.