Stafeli na saratani: ule ujumbe wa "mara 10,000"

Wiki hii nimeonyeshwa tena ule ujumbe wa WhatsApp, safari hii na binti wa mama mwenye saratani ya titi: "Stafeli linaua saratani mara 10,000 kuliko kemo." Mama keshaacha dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, anakunywa majani ya mstafeli yaliyochemshwa, asubuhi na jioni. Inaniuma, maana ugonjwa wake ulikuwa unatibika.

Namba hiyo ina chanzo. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitoa kemikali kwenye mbegu za stafeli, wakazijaribu kwenye seli za saratani ya utumbo mpana zilizooteshwa maabara. Moja ilikuwa kali mara 10,000 kuliko Adriamycin, ile dawa nyekundu ya dripu. Basi. Zilikuwa mbegu, nyinyi mnachemsha majani. Tena zilikuwa seli kwenye kisahani, ambako hakuna ini la kuivunja dawa wala figo za kuitoa. Seli za kwenye kisahani hufa hata kwa chumvi ikizidi. Kazi ngumu ni kuifikisha dawa kwenye uvimbe ikiwa na nguvu ya kutosha, bila kumuua mwenye uvimbe. Kwa stafeli, hakuna jaribio la binadamu lililoonyesha kwamba linaponya saratani yoyote.

"Lakini ni la asili, halina madhara." Si kweli. Kemikali hizohizo, acetojenini, huzuia mitokondria, vile vijisehemu vya ndani ya seli, kutengeneza nishati, na seli za neva huumia pia. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliripoti wagonjwa wenye dalili kama za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, dalili zisizosikia dawa za kawaida, na matumizi ya stafeli na chai ya majani yake yakahusishwa nazo. Tunda mara mojamoja, kuleni. Chai ya kila siku kwa miezi, hapana.

"Madaktari mnazificha dawa za miti." Tunazificha wapi? Vinkristini tunayowapa watoto wenye saratani ya damu inatokana na yale maua ya vinka yaliyopandwa mbele ya nyumba zenu. Paklitakseli ilianzia kwenye gome la mti. Tofauti ni kwamba hizi zilipimwa kwa watu, dozi ikajulikana.

Kama tayari unakunywa kitu, njoo nacho kliniki, chupa na majani yake, hata ukihofia kugombezwa. Nitapima damu, ini na figo kabla ya dripu inayofuata. Na kama umeruka mzunguko wa dripu, usingoje tarehe ya kliniki, njoo kesho asubuhi.