Gazeti liacheni nyumbani

Jumamosi iliyopita ilikuwa mara ya nne mwaka huu. Baba mmoja kaingia maktabani na binti yake wa darasa la pili, kafika mezani kwangu, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo ya mtoto, gazeti limeshachomolewa kwapani. "Mwalimu, hebu msikilize huyu." Mtoto akasoma. Akasoma habari nzima ya ukurasa wa mbele, habari ya bajeti, wala hakukwama hata penye "ujumuishwaji". Watu wawili waliokuja kurudisha vitabu wakampigia makofi. Baba akanigeukia: "Sasa hivi vya picha usimpe tena. Mpe vya sekondari."

Nikamuuliza mtoto, "Mwanangu, bajeti ni nini?"

Akafikiri kidogo. "Mbunge."

Simcheki. Kajibu kwa akili: watu wanaitaja bungeni, wanaipigia kelele, wanaipitisha. Baba yake ndiye aliyenichosha, na sababu ya kuandika haya ni kwamba nimeshamweleza yeye na wenzake kwa mdomo mpaka mdomo umekauka.

Nina miaka 16 kwenye vitabu vya watoto hapa Tanga, na kabla ya hapo nilifundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, madarasa ya chini. Imani inayoletwa mezani kwangu ni ileile kila mara: mtoto akisoma bila kukwama basi kaelewa, akielewa apandishwe rafu, na aendelee kupanda mpaka rafu ziishe. Hatua tatu, na zote zina walakini.

Tuanze na hiyo ya kukwama. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Irabu tano, kila moja na sauti yake, haibadiliki ikae mwanzo wala mwisho. Mtoto akishazishika silabi, akatofautisha ng na ng', akazoea dh, th na gh, amemaliza. Hakuna neno la Kiswahili litakalomshinda kutamka. Mpe hukumu ya Mahakama ya Rufani, atakusomea. Mpe maelezo ya dawa ya mifugo, atakusomea na kituo ataweka. Kiingereza hakiko hivyo. Mtoto anayetamka sawasawa "though", "through" na "tough" yaelekea ameshakutana na maneno hayo mahali, maana herufi zenyewe hazimwambii lolote, zinamdanganya tu. Kwa hiyo ule ushauri wa kumchagulia mtoto kitabu mnaoupata kwenye simu uliandikwa kwa ajili ya lugha ambayo kutamka ni ushahidi, hata kama si ushahidi kamili. Kwetu kutamka hakushuhudii kitu.

Mfano ni ile kanuni ya vidole vitano. Fungua ukurasa wowote, mtoto asome, kila neno asilolijua anyanyue kidole, vidole vitano vikitimia kitabu ni kigumu. Nimeijaribu kwa miaka. Watoto wetu hawanyanyui kidole! Kila neno wanalijua, kwa sababu kila neno limepita mdomoni. Ukitaka vidole uulize maana, tena uulize moja moja, na hapo umeshageuka mtihani na mtoto amekukimbia.

Na msidhani tatizo ni msamiati tu. Msamiati ni rahisi, kamusi zipo. Ninachokihofia zaidi ni vijisehemu vilivyojificha katikati ya neno. Niliwahi kuandika sentensi hii kwenye karatasi, na bado ninayo: "Angalifika mapema, angalimkuta mamaye yu hai." Nimewapa watoto wengi wanaoitwa mafundi wa kusoma. Wanaisoma kama maji. Halafu nawauliza: alimkuta mama yake? Wengi wanajibu ndiyo, alimkuta, yu hai. Mama kafa, mtoto kachelewa, msiba wote umo ndani ya hiyo "-ngali-", na msomaji wangu ameuruka kama kidimbwi cha mvua. Sasa kitabu kizima cha namna hiyo atakisomaje? Atakimaliza, atakirudisha, atasema kizuri. Baba atahesabu kurasa.

Halafu kuna viungo vya zamani: mamaye, mwanawe, nduguze. Shaaban Robert ni mzee wetu, kazaliwa hapa Vibambani mwaka 1909, na kila mzazi wa Tanga anataka mtoto wake aanze naye, jambo ninalolielewa. Kijana mmoja wa darasa la tatu alipewa na babu yake *Adili na Nduguze*. Akaja kunisimulia habari za marafiki wawili, mmoja anaitwa Adili, mwingine anaitwa Nduguze. Nikamwambia hapana, ni Adili na ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Akanitazama kwa huruma. "Sasa Nduguze yeye yuko wapi?" Alikuwa amesoma kitabu kizima akimsubiri Nduguze atokee.

Msiniletee pia habari za vipimo vya mashine. Wamarekani wana kipimo kinaitwa Lexile, wazazi wa shule za Kiingereza wanakijua, kinampa mtoto namba na kitabu namba, mnalinganisha. Kinatazama zaidi urefu wa sentensi na maneno yanavyotumika mara kwa mara. Mambo yaliyomo kitabuni hakiyatazami. Ndiyo maana *The Grapes of Wrath* ya John Steinbeck, riwaya ya watu wazima kabisa yenye njaa na vifo, imepewa 680L, namba inayomwangukia mtoto wa shule ya msingi kule kwao. Wenye kipimo wenyewe wanasema namba hiyo haisemi umri. Wazazi hawafiki kwenye mstari huo. Tena hata tungetaka kukiiga, Kiswahili tutakihesabuje? "Asingelikuwa amekwishamwambia" ni maneno mawili. Kwa hesabu ya urefu wa sentensi hiyo ni ya chekechea. Jaribu kuieleza chekechea.

Haya, hatua ya pili. Wapo watoto wanaoelewa kweli, tusijifanye hawapo. Kila mwaka napata wawili watatu. Namjua kwa kumwambia "nisimulie". Siulizi maswali ya ufahamu, nasema nisimulie tu, kisha nanyamaza. Mtoto aliyeelewa haanzii mwanzo, anaanzia palipomuuma. Atakwambia "yule mama alikosea". Ambaye hakuelewa atakupangia matukio: akaenda, akarudi, akala, akalala.

Hapa lazima niseme jambo linalonikosesha raha. Kipimo changu hiki nacho kimeshaniangusha. Nilikuwa na msichana mmoja, kimya kama jiwe, kila nikimwambia nisimulie anatazama vidole vya miguu. Nikamweka kwenye vitabu vya chini mwaka mzima. Siku moja nikakuta amechora, nyuma ya daftari la hesabu, ramani ya kijiji cha kwenye hadithi, njia zote, kisima, nyumba ya mganga, hata mahali ambapo mwandishi alijisahau akaweka mto pande mbili tofauti. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nne na kosa hilo sikuliona. Kwa hiyo "nisimulie" inapima pia ujasiri wa kusema mbele ya mtu mzima, na sijapata njia ya kuvitenganisha.

Hatua ya tatu ndiyo yenye madhara, na ndiyo wazazi hawataki kuisikia. Tuseme mtoto wako wa miaka minane anaelewa kitabu cha darasa la saba. Ameelewa maneno. Lakini usiku bado anataka taa isizimwe. Nenda kwenye rafu ya vitabu vya ziada vya rika la juu utazame kuna nini. Mimba za wanafunzi. UKIMWI. Mjomba mbaya. Dawa za kulevya. Vimeandikwa kwa nia njema, kumwonya kijana wa miaka kumi na minne, na kijana huyo anavihitaji. Mtoto wa miaka minane anavichukulia kivingine. Mmoja alirudisha kitabu cha aina hiyo akaniuliza kama na yeye anaweza kupata mimba akipanda bodaboda, kwa sababu yule dada wa kwenye hadithi alianza kwa kupewa lifti. Mama yake alikuwa ameniambia, "Anaelewa kila kitu."

Ukikwepa hivyo, unakuta pengo. Rafu ya chini kwa Kiswahili si haba. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 umesaidia sana vichapwe na vifike mashuleni. Rafu ya watu wazima ipo. Katikati, kitabu cha kurasa mia na kitu, hadithi ndefu, lugha nzito, mambo ya kitoto, hapo navihesabu kwa mkono na vidole vinabaki. Kwa hiyo mzazi anayeniambia "huna vitabu vya mtoto wangu" ana haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba anatafuta juu tu, hatafuti pembeni.

Pembeni kuna nini? Kuna maarifa. Nilikuwa na kijana wa Makorora, baba yake mdogo mvuvi, darasa la tatu, msomaji wa kweli. Hadithi zote alikuwa amezimaliza. Nikamwuliza kama amesikia habari za silikanti. Kumbe kasikia tangu kuzaliwa, ila kama samaki mbaya asiyelika. Nikamwambia wataalamu waliamini samaki huyo alitoweka pamoja na madinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Na kwamba sisi Tanga tunayo hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009. Huyo mtoto hakulala. Akasoma kila karatasi niliyoipata, nyingine za lugha ya kisayansi hasa, akabeba kamusi kama Msahafu. Kila akikwama kwenye neno alikuwa na sababu ya kulitafuta. Lugha ilikuwa ya mtu mzima, lakini samaki ni samaki, hana mjomba mbaya. Nikajipongeza kwamba nimekwepa maswali magumu, mpaka alipofika mahali pameandikwa kuwa silikanti hatagi, huzaa. "Anazaaje?" Nikamwelekeza kwa baba yake mdogo.

Pembeni kuna ushairi pia, na hapa watu wa Tanga mnanishangaza, maana mna mashairi majumbani na hamuyaoni kama kitabu. Ubeti mmoja wa mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, unaweza kumkalisha mtoto hodari jioni nzima. Ni mfupi, hamtishi, na hawezi kuupitia mbio kwa sababu vina vinamrudisha nyuma. Mpe mmoja, mwambie aandike wa kujibu. Vitendawili navyo vivyo hivyo. Kamusi ni kitabu, msiifungie kabatini. Kurudia kitabu kilekile mara tano siyo kurudi nyuma. Na msomeeni kwa sauti hata kama anajua kusoma kukushinda. Haya nayapita haraka kwa sababu hakuna anayenibishia, wanatikisa kichwa tu halafu hawafanyi.

Vipo pia vitabu vyenye ghorofa mbili. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ya 1951, ni mfano ninaoutumia: Karama kashtakiwa, anajitetea siku sita, na utetezi wake ni safari za wajumbe sita, pande nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini. Mtoto anakaa ghorofa ya chini na safari zake, hakuna kitakachomdhuru. Ghorofa ya juu yenye watawala na sheria ataipanda akifika sekondari, na bila shaka atalazimishwa kuipanda kwa ajili ya mtihani. Lakini nasoma naye, ukurasa kwa ukurasa. Sitaki Nduguze wa pili.

Mstari wenyewe uko wapi, kati ya kinachofaa na kisichofaa? Ningekuwa najua ningewaandikia na kuubandika mlangoni. Bibi yangu alitusimulia zimwi linalomeza watoto kijiji kizima, hakuuliza mtu umri, tukalala vizuri. Ila zimwi tulilisikia tukiwa tumemlalia mapajani, na akiona macho yametutoka alikuwa analichelewesha zimwi njiani. Kitabu hakimwoni msomaji wake. Nadhani tofauti iko hapo, lakini siwezi kuapa. Mwaka juzi nilimnyima mtoto wa darasa la nne riwaya moja kwa sababu mama anafariki katikati. Akaipata kwa binamu yake, akaisoma, akaja kuniambia kwa nini nilimficha, wakati mama yake mwenyewe alishafariki na hicho ndicho kitabu pekee kilichosema jinsi inavyokuwa. Mimi habari hiyo ya mama yake sikuwa nayo. Sikuwa nimeuliza.

Wanaotaka kujua kama mtoto arushwe darasa, mniwie radhi, hilo si la kwangu, nendeni kwa walimu wake.

Yule binti wa gazeti, nilimwacha azunguke mwenyewe. Baba yake akasimama mlangoni anatazama saa. Akachagua viwili: kimoja cha picha, cha kobe, kurasa ishirini na nne, kingine cha sayari, kinene, alichokibeba kwa mikono yote miwili. Baba akataka cha kobe kibaki. Nikamgongea mhuri vyote viwili kabla baba hajafika mezani. Vinatakiwa kurudi Jumamosi ijayo, na nimeshajiwekea karatasi pembeni nimwulize kuhusu yule kobe kwanza.