Mbona mwanangu hasemi? Maswali ya wazazi wa Dar

Swali: Mwanangu ana miaka 2, anasema "mama" na "maji" tu. Bibi yake anasema baba yake naye alichelewa, tusubiri. Ni sawa?

Jibu: Bibi ana hoja, kuchelewa kusema huenda na ukoo. Ila msisubiri. Wenzake wengi wa umri huo wana maneno 50 au zaidi, na wameanza kuyaunga mawilimawili: "baba njoo", "taka uji". Mpelekeni kwanza apimwe masikio. Msidanganyike kwamba anashtuka mlango ukibamizwa. Anaweza kusikia kishindo asisikie "s" wala "f". Sikio linalotoa usaha kila mara nalo hupunguza usikivu. Anzieni kituo cha afya kilicho karibu, muombe rufaa. Muhimbili kuna wataalamu wa masikio, pua na koo.

Swali: Jirani anasema akatwe udata, ule utando unaoshika ulimi kwa chini.

Jibu: Udata unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye kutamka sauti fulani. Kwa kawaida haumnyimi maneno: angesema, japo kwa kukosea. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ndiyo kabisa msikiguse! Hakihusiani na kuchelewa kusema, na kukikatia mtaani ni kumtafutia mtoto kuvuja damu na maambukizi.

Swali: Anashinda na dada wa kazi, wanaangalia katuni. Si anajifunza maneno humo?

Jibu: Katuni haimsubiri ajibu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Najua, unatoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku. Basi mwelekeze dada. Anamenya viazi, mtoto yuko pembeni: "Hiki kiazi. Kikubwa! Nikupe?" Kisha anyamaze, ahesabu moyoni hadi 10. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa, tunamjibia wenyewe. Mtoto akinyoosha mkono na kusema "ka", apewe, aambiwe, "Kiazi! Umetaka kiazi." Ile ya "sema kiazi ndiyo nikupe" siipendi; inageuza maongezi kuwa mtihani.

Swali: Januari anaanza chekechea ya Kiingereza. Tuache Kiswahili nyumbani?

Jibu: Hapana. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Msemeshe kwa lugha unayoimudu, iwe Kiswahili au Kihehe.

Kinachowatikisa wengi ni siku zenyewe za kuanza. Mpitishe shuleni kabla, aone darasa na choo, na mwambie mwalimu mwanao anaitaje haja ndogo. Kama dada aliyemzoea anaondoka, au mdogo wake anazaliwa, jaribuni yasigongane na wiki hiyo. Akiwa kimya darasani siku za mwanzo huku nyumbani anaongea kama kawaida, mpeni muda. Lakini mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, kwa umri wowote, mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo.