Huyo 🦌 si swala, jamani

Bango jingine limeingia kwenye simu yangu wiki hii. Ziara ya wanafunzi, Kisumu Impala Sanctuary, nauli hii, chakula kile, na ubavuni mwa neno "Impala" kamebandikwa kamnyama: 🦌. Nikamwandikia mwandaaji kwamba huyo si swala. Akanijibu, "Daktari, si wote wana pembe?"

Haya. Nimevumilia vya kutosha.

🦌 ni ayala, yule anayeionea shauku mito ya maji katika Zaburi ya 42. Kenya haina ayala wa porini hata mmoja. Bara zima la Afrika lina ayala wa asili wa aina moja tu, na makao yake ni Algeria na Tunisia. Ukivuka Sahara kuja huku kusini, humpati. Sasa mtu anaandika "tukutane Mara" na kumtia mnyama wa misitu ya Ulaya, ama anaandika "Dunga Jumapili" na kututumia mnyama wa Krismasi ya wazungu.

Ugomvi wangu uko kwenye pembe, na hapo mtaniwia radhi nikikawia. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu. Huota upya kila mwaka ikiwa imevikwa ngozi laini yenye mishipa ya damu. Ikikomaa, ngozi hukauka, dume akaikwangua kwenye miti, akapigania majike, halafu pembe nzima ikadondoka. Mwaka unaofuata anaanza moja. Swala hana mambo hayo. Pembe yake ina kiini cha mfupa kilichoungana na fuvu, na juu yake gamba la keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kwato na kucha zako. Haidondoki kila msimu. Ikivunjika pamoja na kiini, basi, atazeeka na pembe moja. Na haina matawi. Nasema tena: haina matawi! Huhitaji digrii kuliona hilo. Pembe ikichanua kama mti wa mpera, huyo si wa kwetu.

Nenda pale Dunga road usimame kando ya uzio. Hifadhi ile ilitengwa mwaka 1992 kwa ajili ya swala pala, ndio hao impala, waliobaki kando ya ziwa, kwa hiyo hutawakosa. Mtazame dume kwa ubavu. Pembe zinapanda, zinalala kidogo nyuma, kisha zinainuka tena, na mapete yake yanakaribia kufika kwenye ncha, ambazo ni laini na nyeusi. Akigeuka utaona mistari mitatu myeusi, mmoja mkiani na miwili mapajani. Shusha macho hadi miguu ya nyuma, juu kidogo ya kwato, kuna shungi jeusi la nywele lililofunika tezi. Hakuna swala mwingine mwenye hilo. Jike naye hana pembe kabisa, kwa hiyo jibu la "si wote wana pembe?" ni hapana, hata ndani ya kundi moja la pala wanaokula majani mbele yako.

Wengine hunishauri nitumie 🐐. Mnanitania, lakini kwa ukoo mko karibu na ukweli kuliko yule wa bango: mbuzi na swala wote ni wa familia ya Bovidae, ayala ni familia nyingine.

Emoji ya ayala iliingia mwaka 2016, sawa na ya kifaru. Twiga na punda milia wakaja 2017, kiboko 2018, heroe 2019, na tangu hapo watu wa Nakuru wametulia. Mwaka 2022 akaongezwa punda, pamoja na "moose", ambaye ni ayala tena, ila jitu. Ayala wawili, swala hakuna, na Afrika ina aina zaidi ya 70 za swala.

Kuhusu kuomba emoji ya swala: wanaoamua ni Unicode Consortium, kule Marekani, na mtu yeyote anaweza kupeleka ombi. Sahihi za mtandaoni hawazihesabu, kwa hiyo mnaonitumia viungo vya kutia sahihi, asanteni, pumzikeni. Wanataka ushahidi kwamba neno linatafutwa sana, na kipimo chao ni tembo: unaliweka neno lako kando ya "elephant" kwenye Google Trends, michoro ioneshe. Tena hawataki kitu mahususi mno. Hapo watu wa Lambwe wananuna, kwa sababu wanamtaka korongo wa Ruma, si ndege bali yule swala tunayemwita roan, ambaye Kenya nzima amebaki huko tu. Watu wa Kitale nao wanamtaka nzohe, swala wa kinamasi cha Saiwa. Nawaelewa, lakini ombi likiwa la spishi moja moja litarudi lilivyokwenda. Liwe la swala kwa jumla.

Na hapo ndipo miguu yangu inapotetemeka. Kibiolojia, kundi la swala halipo. Ni masalio: chukua Bovidae, toa ng'ombe, nyati, mbuzi na kondoo, wanaobaki waite swala. Pofu yuko karibu zaidi na ng'ombe kuliko na swala tomi. Pala mwenyewe yuko peke yake katika jenasi yake, na wataalamu wamemhamisha mara kwa akina kongoni, mara kwingine. Kwa hiyo nawafokea watu kwa kuchanganya familia, huku naombea emoji mkusanyiko usio na ukoo mmoja. Utetezi nilio nao ni kwamba samaki pia si kundi halisi, na 🐟 yupo tangu zamani bila mtu kulalamika.

Tatizo la pili ni ukubwa. Kila kampuni ya simu huchora toleo lake, na kwenye kioo kidogo lile shungi jeusi halitaonekana. Pala wangu atageuka mbuzi mwekundu. Choroa wa Samburu, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, angesomeka vizuri zaidi, na kulikiri hilo nikiwa Kisumu kunaniuma. Mchoro nitakaouambatisha kwenye ombi ni wa dume la pala, kichwa na shingo kwa ubavu, mapete yakionekana. Wakiamua kumchora choroa, sitabisha sana.